Upande wa Touria

Kila Ijumaa baada ya sala, nyumba ya Lalla Tamou pale mjini Azrou ilijaa watu na mvuke wa kuskusi, chakula cha chembe za ngano, na kila Ijumaa mkwewe Touria alikula jikoni. Si kwamba alifukuzwa. Hakuna aliyewahi kumwambia toka. Ila mwanawe Anir, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, alikuwa akipaliwa kila akila, chakula kikimtoka puani, mikono ikimruka yenyewe, na bibi yake hakutaka wageni wamwone hivyo.

"Mlishe kwanza jikoni, mwanangu," Lalla Tamou alikuwa akisema. "Watu wana macho mabaya."

Alisema kwa upole, na upole wa aina hiyo haupingiki. Afadhali mtu akutukane, mtukanane, mmalize.

Basi Touria alikaa jikoni na mtoto mapajani, akisikiliza vicheko vya sebuleni. Wenzake walikula sinia moja, kila mtu upande wake, na kwa heshima waliuacha upande wa Touria bila kuugusa. Alipotoka, watu wakiwa wameshafika kwenye chai, alikuta ukuta wa kuskusi umesimama peke yake kwenye sinia tupu, mafuta yameganda juu ya nyama. Aliketi akala. Huu mwaka wa tatu alikuwa hajaonja kuskusi ya moto. Wala si kuskusi aliyoitamani hasa. Alitamani kubanana mabega na watu wake, mumewe Moha amtanie, mtoto awe ubavuni kama mtoto wa mtu yeyote.

Wataalamu alikuwa nao, tena wengi kuliko mashangazi. Wa viungo, hospitalini, alisema mtoto afungwe mkanda kwenye kiti kirefu anapokula. Wa kumeza, ambaye alikuwa Meknes, safari nzima ya teksi, alisema apewe chakula kilichosagwa tu, kwa kijiko, asishike kitu. Wa mikono, kwenye kituo cha watoto, alisema aachwe ashike mwenyewe hata akimwaga. Kila mmoja aliijua kazi yake vizuri, na hakuna aliyejua mwenzake kasema nini. Touria aliwatii wote, na jioni mtoto alilia kwa uchovu, naye akalia pamoja naye.

Siku moja pale kituoni uzalendo ukamshinda. Ghizlane, yule wa mikono, alikuwa amemuuliza tu kwa nini Anir bado analishwa kwa kijiko.

"Huyu ananiambia funga, yule ananiambia lisha, wewe unaniambia mwache!" Touria alifoka. "Kwani nyinyi mnadhani nina watoto watatu? Mimi ninaye mmoja!"

Ghizlane alikuwa mcheshi, lakini hapo hakucheka. "Una haki, dada. Tumekuchosha."

Hakuishia kwenye pole. Alipiga simu, akabembeleza, akapiga tena, mpaka akawaweka wenzake wawili chumba kimoja na Touria katikati yao. Swali la kwanza likaja kwa Touria: unataka mtoto wako aweze nini? Jibu linalotarajiwa alilijua. Atembee. Aseme. Badala yake maneno mengine yakamponyoka.

"Nataka Ijumaa tule na watu, sinia moja. Mimi na yeye." Masikio yakamwaka kwa haya. "Najua ni kitu kidogo."

"Kidogo?" alisema yule wa kumeza. "Humo kuna kazi yetu sote."

Wakabishana mbele yake kama watu wa sokoni, na kwa mara ya kwanza Touria akapumzika, kwani ugomvi ule ulikuwa ukiishi kichwani mwake peke yake. Mwishowe wakaafikiana. Anir atakaa kwenye kochi fupi katikati ya magoti ya mama yake, miguu ikanyage sakafu. Kuskusi italowekwa mchuzi na kufinyangwa tonge dogo. Yeye atashika, mama ataongoza kiwiko tu. Na nyumbani atakuja mtu mmoja, Ghizlane, na neno moja walilokubaliana wote.

Wakafanya mazoezi jikoni, kwenye sahani. Touria alikuwa akimsukumia Anir kipande cha boga upande wake: "Chukua, hiki chako." Mtoto alitoa sauti moja ndefu ya furaha kila kilipomfikia. Lalla Tamou akawa anapitapita, akitazama kwa pembe ya jicho.

"Mbele ya watu pia?" aliuliza.

"Mbele ya watu hasa, Lalla," Ghizlane alijibu. "Kula na watu atajifunzia wapi?"

"Na akipaliwa?"

"Atakohoa. Kwani wewe hukohoi?"

"Mimi ni mzee!"

"Basi mtakohoa pamoja."

Bibi akacheka bila kupenda, akaenda zake.

Ijumaa ilipofika, wifi yake Touria alikuja na wanawe. Touria akatoka jikoni na Anir kifuani.

"Alaa! Kumbe ningali na mke," alisema Moha, akisogea kumpisha. "Nilishaanza kutafuta mwingine."

"Tafuta, tuone atakayekubali kufua hizo soksi."

Watu wakacheka. Tonge la kwanza likafika salama. La pili likaishia kifuani. La tatu likampalia, uso ukamwiva, na sebule nzima ikanyamaza. Lalla Tamou akaanza kuinuka, mikono tayari kumbeba. Magoti ya Touria nayo yakataka kwenda jikoni, maana yameshazoea. Akamwinamisha mtoto mbele kidogo, kama alivyofundishwa.

"Kaa, Mama," alisema. "Anakohoa tu."

Wakangoja. Kikohozi kikaisha. Wifi akaomba mtindi, na mazungumzo yakarudi.

Lalla Tamou, ambaye ndiye mgawaji wa sinia ile, akamwekea mjukuu wake kipande cha boga. Mkono wa Anir ukainuka, ukayumba, ukatua juu yake, ukaanza kukisukuma. Touria akangoja, roho juu, kije kwake. Hakikuja. Kilikata katikati ya sinia, kikabomoa kuta za wengine, kikasimama mbele ya bibi yake. Anir akatoa ile sauti ndefu.

Lalla Tamou alikuwa amewagawia watu maisha yake yote. Alikitazama kile kipande kama mtu aliyepewa asichokiomba, akakila, kisha akajifuta uso mzima kwa ncha ya kitambaa.

"Ijumaa ijayo," alisema, "akae karibu nami."

Touria aliona wivu, akauonea aibu wivu wenyewe, na machozi yakamjia kwa yote mawili.

"Kula basi," Moha alimnong'oneza.

Akatazama chini. Upande wake ulikuwa mzima, haujaguswa, kama Ijumaa zote. Akachota tonge, akalitia mdomoni, likamuunguza ulimi.