Wali Mwekundu wa Bi Verdell

Alonzo Mungin alivaa suti yake ya kahawia, ile ya misiba na ubatizo, akasimama kwenye foleni tangu saa nne asubuhi. Mkahawa uitwao Nyumba ya Bi Eulalie haumwekei mtu nafasi. Ukitaka kula pale, uwe jaji au mfagizi, unasimama kando ya ukuta wa matofali mekundu mpaka mlango ufunguliwe saa tano. Magoti yake, yaliyobeba mizigo ya bandari ya Savannah kwa miaka thelathini na minne, yalikuwa yakilalamika. Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kuyasikiliza. Kando yake alisimama Bi Verdell Gadsden, kofia ya rangi ya zambarau kichwani, na Alonzo alikuwa ameazimia kwamba kabla hawajainuka mezani atakuwa amemwomba awe mke wake.

Hawakuwa watoto. Alonzo alikuwa na miaka sabini na mmoja, mgane wa miaka sita. Verdell alikuwa na sitini na sita, mjane wa miaka tisa, na kabla ya kustaafu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya msingi. Walisali kanisa moja la Kibaptisti upande wa magharibi wa mji, ambako Alonzo alikuwa shemasi. Kila Jumapili ya nne waumini hula pamoja baada ya ibada, na kila mwanamke ana chungu chake kinachojulikana. Wali mwekundu, uliopikwa kwa nyanya, ni wa Verdell. Maadamu Verdell yuko hai, hakuna mwingine atakayethubutu kuubeba wali mwekundu kuingia nao pale, hata awe mke wa mchungaji.

Ni wali huohuo ulioanzisha mambo. Kwa miaka miwili Alonzo alikwenda kwanza kwenye chungu cha Verdell, akapakuliwa, akala mbele yake na kumwambia kwamba Georgia nzima hakuna wali kama ule. Verdell alizoea kumjibu aache kelele, chakula kinapoa. Lakini alianza kumwekea pembeni ukoko wa chini ya chungu, na watu wakaona.

Nyumba ya Bi Eulalie Alonzo aliichagua kwa sababu yake mwenyewe. Mtaa huu wa kale wenye nyumba za ghorofa zenye ngazi za chuma, mama yake aliujua kupitia milango ya nyuma. Katika nyumba hii hasa, ilipokuwa ya kupangisha vyumba, alipiga pasi mashuka miaka kumi na miwili bila kukaa hata siku moja kwenye kiti cha chumba cha kulia. Alonzo alitaka kuingia kwa mlango wa mbele, akiwa amemshika mkono mwanamke aliyemchagua.

Kitu kimoja hakukijua, kwa kuwa hakuwahi kula pale. Hakuna meza ya watu wawili. Msimamizi wa mlango, mama mnene aitwaye Bi Ernestine, huhesabu vichwa kwa kidole, na wakifika kumi huwakalisha meza moja, wajuane au wasijuane. Basi Alonzo, aliyekuwa amekariri maneno yake wiki mbili mbele ya kioo, alijikuta amebanwa kati ya Verdell na dereva wa malori makubwa kutoka Macon aliyejitambulisha kwa jina la Roscoe, na mbele yao mume na mke wageni kutoka Ohio waliokuwa wakitabasamu kwa kila kitu.

Walishikana mikono, Bi Ernestine akaomba baraka fupi, na mabakuli yakaanza kuzunguka. Kuku wa kukaanga, kunde, sukuma iliyochemshwa na mguu wa nguruwe, bamia, viazi vitamu, makaroni ya jibini, mkate wa mahindi. Alonzo alichota kidogo kidogo. Tumbo lilikuwa limejaa maneno. Aliona Verdell akionja kila kitu polepole, kama mwalimu anayesahihisha madaftari, akamwona pia akitikisa kichwa kuikubali sukuma. Alijiambia mambo yanakwenda vizuri. Atangoja kitindamlo.

Ndipo bakuli la wali mwekundu likamfikia.

Alichota kijiko kimoja, kwa adabu tu. Akatia kinywani, akaacha kutafuna. Ulikuwa na moshi. Ulikuwa na ule moshi wa nyama ya shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ikachemka mpaka ikauachia mchele kila kitu, na akilini mama yake alikuwa amesimama jikoni na aproni yake, mikono ikinuka wanga wa nguo. Macho ya Alonzo yalilowa. Kabla akili haijaushika ulimi, ulimi ulikuwa umeshafika mbali.

"Huu ndio wali mwekundu," alisema, tena kwa sauti ya kusikika meza nzima. "Tangu mama yangu afe sijala wali mwekundu wa kweli."

Roscoe aliacha kutafuna. Alimtazama Alonzo, akamtazama Verdell na kofia yake, akamrudia Alonzo.

"Mzee," akauliza taratibu, "huyu mama anapika?"

Alonzo alisema anapika.

"Anapika wali mwekundu?"

Alonzo aliinamia sahani yake. Roscoe aliweka uma chini. "Pole sana, mzee wangu," akasema. "Ulikuwa mtu mzuri."

Mama wa Ohio alimuuliza mumewe kwa kunong'ona kumetokea nini. Mumewe hakujua.

Verdell hakubadilika uso. Alinyoosha mkono akalichukua bakuli, akapakua kijiko kikubwa cha wali kwenye sahani ya Alonzo, kisha cha pili, na cha tatu mpaka kuku akafunikwa.

"Ongeza, Shemasi," alisema kwa upole wa kutisha. "Usione haya. Miaka miwili umeshinda na njaa."

Roscoe alimwinamia Alonzo sikioni akamshauri aseme ni dawa za presha, kwamba zinaharibu ladha, shemeji yake aliwahi kujiokoa kwa maneno hayohayo. Wazo lenyewe halikuwa baya. Alonzo alilipima. Angeweza kusema alimaanisha wali wa hotelini. Angeweza kusema machozi yalimchanganya. Verdell huenda angekubali, na maneno yake ya wiki mbili yangeokoka.

"Nakuuliza jambo moja," Verdell akasema. Sasa alikuwa amemgeukia, na sauti aliishusha. "Usinijibu kama shemasi. Wali wangu una kasoro gani?"

Alonzo alifuta midomo kwa leso. Alimtazama mwanamke ambaye yeye alikuwa karibu kumpoteza, akaona kwamba akimdanganya sasa itambidi aendelee kumdanganya maisha yake yote yaliyobaki, kila Jumapili ya nne na siku zote zilizo katikati.

"Hauna moshi," alisema. "Zamani ulikuwa nao. Ulipoacha nyama ya shingo ukaanza kutia mafuta ya alizeti, ukabaki wali mzuri wa kutazama. Nimeula miaka miwili kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unapakua."

Roscoe alijifanya anatafuta chumvi. Verdell aliutazama mkono wake uliokuwa bado umeshika kijiko cha kupakulia, akakirudisha ndani ya bakuli.

Alipoanza kusema, alisema kama mtu anayezungumza na sahani. Aliiacha nyama ya shingo, alisema, baada ya nesi kuja kanisani kupima presha na kukuta nusu ya wazee wanatembea na kaburi mfukoni. Alijua wali umeharibika. Aliuonja yeye mwenyewe, akajua. Alingoja mtu amwambie. Midomo arobaini ilikula na yote ikasema amina.

"Na marehemu mume wangu Cleveland," alisema, "nilimpikia supu ya bamia kila Ijumaa miaka thelathini na mmoja. Siku ya mazishi dada yake ananiambia, Cleveland hakuipenda bamia tangu mtoto. Nilikaa na hilo, Shemasi. Mtu mwema, hakuwahi kunipandishia sauti. Lakini nilimpikia mtu nisiyemjua."

Bi Ernestine alileta kitindamlo, pichi za kuoka zilizofunikwa kwa unga uliokandwa na siagi, akaweka kibakuli mbele ya kila mmoja. Alonzo aliyatafuta maneno yake ya mbele ya kioo, na hakupata hata moja.

"Nilikuleta hapa kukuomba uwe mke wangu," alisema. "Nilikuwa na hotuba nzuri. Imenitoroka."

Verdell alikula pichi kijiko kimoja, akaimeza. Roscoe alikuwa ameinamia kibakuli chake kana kwamba kuna maandishi humo.

"Jumamosi uje kwangu mchana," Verdell akasema mwishowe. "Nitapika sufuria mbili. Moja kwa nyama ya shingo, kama zamani. Nyingine kwa bata mzinga wa moshi, maana presha yako kanisa zima linaijua. Utakula zote mbili na utanieleza. Ukinidanganya hata kwa kijiko kimoja, kofia yako utaikuta barazani."

"Na nisipokudanganya?"

"Jumapili tutamwona mchungaji."

Kisha akainuka, akaiweka sawa kofia yake ya zambarau, akamuuliza Bi Ernestine jikoni ni wapi. Bi Ernestine akamwambia wageni hawaruhusiwi. Verdell akamjibu kwamba amepikia watoto mia nne kwa siku miaka ishirini na minane na hajawahi kuitwa mgeni wa jiko, akapita. Punde sauti yake ilisikika nyuma ya mlango, akibishana na mtu kuhusu mti gani unaotoa moshi mzuri, na huyo mtu naye alikuwa akijitetea.

Watu walianza kuondoka mezani. Roscoe alimshika Alonzo bega, akamwambia wapo waliokufa kwa makosa madogo kuliko lile, akaenda zake akicheka peke yake. Mama wa Ohio alimpa mkono wa pongezi, ingawa bado hakujua ni za nini. Mlangoni kumi wengine walikuwa wameshahesabiwa, na Bi Ernestine alikuja kumwambia Alonzo kwa heshima zote kwamba kiti kinahitajika.

Alonzo alisimama. Magoti yalilia, akayaacha yalie.

"Naomba dakika moja, Bi Ernestine," alisema, akijinyoosha ndani ya suti yake. "Namsubiri mchumba wangu."

Mlango wa jikoni ulifunguka kidogo, ikaonekana kofia ya zambarau.

"Bado, Shemasi," Verdell akasema. "Jumamosi kwanza." Lakini hakuufunga mlango. "Hebu njoo unuse hii nyama, uniambie."

Alonzo Mungin akachukua kofia yake, akaenda.