Migongo ya Uzi Mwekundu

Vitabu vilivyoshonwa migongo kwa uzi mwekundu ndivyo vilivyotangulia kushushwa. Mkutubi alivitoa rafuni kwa furaha ya mtu anayeng'oa magugu, akavipanga ndani ya maboksi, akapiga chafya, akaendelea. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya madawati. Ukuta mmoja ulikuwa madirisha matupu, na rafu za kuta tatu zilizosalia zilikuwa zimeshiba hadi vitabu vingine vinalala juu ya vichwa vya wenzao. Mtaala mpya ulikuwa umeleta shehena ya vitabu vipya, navyo vilirundikwa kwenye korido, wanafunzi wakivikalia wakati wa mapumziko. Mkuu wa shule alikwishasema neno lake: rafu haziongezwi, kila kinachoingia, kingine kitoke.

Mafunzoni mkutubi alifundishwa kwamba kitabu chenye viraka ni mgonjwa asiyepona, anayekalia kitanda cha mwenzake. Fundisho hilo lilimkaa vizuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka. Hata nyumbani, kikombe kikipata ufa asubuhi, jioni hakikulala kabatini.

Huko nyumbani, hata hivyo, kulikuwa na jambo moja lililokataa kunyooka. Alikuwa ameolewa na mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye binti mmoja aliyesoma shule hiyohiyo. Msichana hakuwa na ukorofi wowote. Aliamkia, aliosha vyombo, alishukuru kwa chakula, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango taratibu. Ukorofi mkutubi angeuweza. Adabu ile ndiyo iliyomshinda. Alichotaka ni kidogo tu, kwamba siku moja mtoto amwambie jambo ambalo hakulazimika kumwambia.

Kilichompa moyo ni kwamba kila mapumziko ya mchana msichana aliingia maktabani, akaketi kwenye kona ya vitabu vya zamani, akawa anashika hiki na kile bila kuazima hata kimoja. Mkutubi alimtupia jicho la pembeni, akajikaza asimsemeshe. Aliona akimwita atakimbia, bora amwache azoee. Miezi ikapita hivyo, mmoja akijizuia na mwingine akifunua kurasa.

Gari la mnunuzi wa karatasi chakavu lilibeba maboksi siku ya Ijumaa. Jumatatu rafu zilikuwa zimepambwa kwa vitabu vipya vinavyonukia gundi, na mkuu wa shule akawaleta wageni, akajigamba kana kwamba alivibeba yeye mgongoni. Mchana msichana akaingia kama kawaida. Alisimama mbele ya kona yake, akapitisha kidole kwenye ile migongo laini kutoka mwanzo hadi mwisho wa rafu, akarudia tena. Kisha akatoka bila kuketi. Mkutubi alidhani labda anaumwa kichwa.

Aliyemfumbua macho ni mwalimu wa hesabu, mkongwe wa pale shuleni, ambaye hamsifu mtu bila kumtania. Katika chumba cha walimu alisema kwamba kwa maktaba ilivyopendeza, hata yeye sasa huenda akajifunza kusoma. Kisha, akikoroga chai, akauliza:

"Vile vya uzi mwekundu umempelekea binti nyumbani?"

"Binti gani?"

"Binti yenu. Si mama yake ndiye aliyevishona? Kila likizo alikuwa anakaa mle na sindano yake, na mtoto pembeni, sisi tunamcheka. Nilidhani bwana alikwambia."

Bwana hakumwambia. Bwana aligawa nguo za marehemu kwa ndugu, cherehani akampa dada yake, picha akazifungia asikokujua mtu, akiamini ndivyo anavyomrahisishia maisha mke mpya. Kwamba marehemu alifundisha shule ile, mkutubi alijua. Mengine hakuyauliza, kwa kuogopa kuonekana anamwonea wivu maiti.

Aliiacha chai yake ikipoa, akaenda ghalani kwa mnunuzi. Mwenye ghala hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwa upole kwamba kiwanda kinataka karatasi tupu. Uzi na gundi hukwamisha mashine, kwa hiyo wao huanza kwa kukata migongo. Karatasi zilikwishakwenda. Na migongo je? Migongo huchomwa asubuhi, pamoja na takataka. Mkutubi alilia palepale, mbele ya wapakiaji, wala hakujificha.

Jioni alimkuta msichana akipiga pasi sare yake. Alimweleza yote bila kuyapamba: alivyovichagua vile kwa sababu ya ule mshono, vilikokwenda, alivyovifuata na kurudi mikono mitupu. Akamwomba msamaha.

"Hukujua, mama mdogo," msichana alisema, kwa adabu ileile.

"Ningekuuliza, ningejua."

Msichana aliisimamisha pasi. "Nilikuwa nangoja uniulize. Kila siku nilisema, leo ataniuliza nasoma nini, nimwonyeshe."

Maneno hayo yalimwingia mkutubi kuliko yale ya ghalani. Maswali aliyoyabana kwa miezi yote ile yalimjia kwa mkupuo, akashindwa ashike lipi. Akavuta kigoda, akaketi karibu na meza ya pasi.

"Alikuwa anashonaje?"

Msichana alifikiri. Alinyoosha vidole viwili kama mtu aliyeshika sindano, akaviinua, akavizungusha kidogo hewani, vikasita. Akajaribu tena kwa mkono mwingine.

"Sikumbuki vizuri," alisema mwishowe. "Nilikuwa nikiona ule uzi ndiyo nakumbuka."

Akashika pasi, akageuza shati upande wa pili, akaanza na kola.