Chupa Iliyorudi Imejaa

Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, na watu walikuwa wamechoka hata kuizungumzia. Mwanzoni kila mtu aliangalia juu akatoa utabiri wake; sasa wingu likipita, lilipita zake. Mfereji wa mtaa ulifunguliwa Jumanne na Ijumaa, madumu manne kwa kila nyumba, na usipotokea, shauri yako.

Katika nyumba moja ya vyumba viwili, mwenye amri juu ya maji alikuwa mwanamke aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Majirani walimpachika jina la Bi Kipimo, naye hakulikataa. Nani akatae jina alilolitolea jasho? Nyumbani kwake maji hayakumwagwa, yalishushwa cheo. Yaliyooshea mchele yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yalipiga deki, na yaliyopiga deki, meusi tititi, ndiyo yaliyokwenda chooni, mara moja tu kwa siku, jioni. Aliyethubutu kumwaga maji safi chooni alisikia habari zake mpaka kesho yake.

Maji ya kunywa yalikuwa na sheria yake peke yake. Kila asubuhi Bi Kipimo alijaza chupa tatu za lita moja na nusu: moja ya mumewe, mlinzi wa ghala, moja ya baba mkwe wake, mwashi mstaafu aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe, na moja yake mwenyewe. Jioni chupa zilirudi mezani, na kilichobaki kikarudishwa mtungini. Ya mumewe ilirudi tupu, na akaambiwa anakunywa kama ng'ombe. Ya Bi Kipimo ilirudi imejaa. Alikuwa na mazoea ya kuinyanyua juu waione, akisema mbona yeye yake hii hapa, kiu ni tabia tu.

Sasa tuseme ukweli, maana hapa hatuna wa kumwonea haya. Hospitali ilikuwa na kisima chake. Kwenye chumba cha kufulia bomba lilitiririka toka asubuhi mpaka saa kumi, na Bi Kipimo alikunywa pale vikombe visivyo na idadi, akaoga pale kabla ya kutoka, akatoka anang'aa. Hakuiba, wafuaji wote walifanya hivyo na hakuna aliyewakataza. Ila nyumbani hakuwahi kulitaja, na hata moyoni mwake hakulihesabu. Nyani haoni kundule. Aliporudi jioni, mabega yakimuuma kwa kuinua mashuka yaliyolowa, alichojua ni kwamba amechoka, na kwamba yeye ndiye anayeibeba nyumba ile.

Mzee hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa amejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, na mwashi anajua maana ya kipimo: maji yakizidi kwenye zege, ukuta haudumu. Alimsifu mkwewe kwa utaratibu wake. Lakini mwili nao una umri wake. Asubuhi moja, mwanawe akiwa bado zamuni, aliamka shuka limelowa. Bi Kipimo alilitoa kitandani bila neno baya, maana adabu alikuwa nayo, na mkwe ni mkwe. Alipofika mlangoni tu ndipo alipopumua kwa nguvu na kujisemea, "Shuka moja, dumu moja." Ilikuwa hesabu tu, ya mtu aliyezoea kazi hiyo. Mzee alikuwa nyuma yake na aliisikia.

Toka siku ile chupa ya mzee ikaanza kurudi na maji. Kwanza robo, kisha nusu, kisha ikawa inakaribia kulingana na ya mkwewe. Shuka halikulowa tena. Bi Kipimo alifurahi, jamani, alifurahi kwa jinsi mtu aliyechoka anavyofurahia chochote kinachompunguzia mzigo. Mbele ya mumewe alizisimamisha chupa mbili bega kwa bega, akamwambia amwone baba, amekula chumvi nyingi na bado anajifunza, je yeye? Mume akacheka, akasema hashindani na wazee. Mzee naye akatabasamu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, lakini siku zile midomo ya nani ilikuwa mizima?

Wiki mbili zikapita. Mzee akawa analala mchana kutwa. Wakasema ni joto. Akawa anaacha chakula katikati. Wakasema ni uzee. Mtu akishachoka huwa hatafuti sababu mbali. Alhamisi moja Bi Kipimo alirudi kutoka kazini akamkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, akimuuliza kwa sauti ya kukwaruza kama vibarua wameshaondoka, na nani amefunika saruji. Alimshika mkono, ngozi ilikuwa kavu na ya moto. Akampigia mumewe simu, wakakodi gari, wakampeleka kulekule anakofanyia kazi.

Daktari alikuwa msichana mdogo, naye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alibana ngozi ya kifua cha mzee, ikasimama vilevile bila kurudi. Akauliza huyu baba anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mume akamgeukia mkewe, kwa sababu hilo lilikuwa swali ambalo nyumba nzima ilijua nani ana jibu lake. Na alikuwa nalo, ole wake: kikombe kimoja, siku nyingine nusu. Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alisema tu kwamba figo zimeanza kulegea, kwamba watamtundikia dripu, lakini mishipa ya mzee haitaistahimili siku nyingi. Lazima anywe mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, toka kesho. Asipokunywa, yeye hana la kuwaahidi.

Na mzee hakunywa. Asubuhi akili ilimrudia, akamtambua kila mtu, akamshukuru kila mtu, lakini kila kikombe kilichosogezwa alikigusa kwa midomo tu akakirudisha. Wauguzi walibembeleza wakachoka. Mwanawe alibembeleza, akakasirika, akatoka nje kupunga upepo asije akamkosea baba yake adabu. Bi Kipimo akabaki peke yake kando ya kitanda, na sare yake ya kazini, mikono imemvimba kwa sabuni.

"Baba, kwa nini hunywi?" akauliza.

Mzee alikuwa anaangalia dari, kama alivyoangalia dari za watu miaka yote akitafuta nyufa.

"Nikinywa nitalowesha," akasema taratibu. "Na wewe mkwe wangu ukiniona nimelowa mara ya pili, mimi nimebakiwa na nini? Nikaona nikate huku juu, kule chini kutatulia." Akapumzika kidogo. "Nilikuwa naiangalia chupa yako kila jioni. Nikasema, mwanamke anayeinua mashuka kutwa anavumilia. Mimi ninayekaa kitini nashindwa nini?"

Maneno yale yalimkata maini Bi Kipimo. Angeweza kunyamaza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri hii aliijua yeye peke yake. Angeweza kumtisha kwa daktari, au kumlilia, au kumwita mumewe arudi. Lakini aliona wazi kwamba mzee hashindani na daktari wala na mtoto wake. Anashindana na chupa, na chupa yenyewe ya uongo. Atashindana nayo mpaka azikwe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Baba, chupa yangu ilirudi imejaa kwa sababu nilikuwa nakunywa hapa," akasema. "Kila siku. Nakunywa mpaka nashiba, naoga, ndipo narudi kuwapimia nyinyi. Sijalala na kiu hata siku moja."

Mzee aliendelea kuangalia dari. Kwenye kitanda cha pili mtu alikohoa, muuguzi akapita na kigari chake cha dawa, akarudi. Bi Kipimo alidhani mzee atageukia ukutani, na angegeuka, nani angemlaumu? Alipoongea, hakumtazama.

"Mwanangu anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue," akasema mzee. "Na wewe lile la shuka usimwambie."

"Sitamwambia, baba."

Akanyoosha mkono, akakichukua kikombe mwenyewe. Alikunywa kwa kusitasita, maji mengine yakimchuruzika kidevuni. Bi Kipimo akamimina cha pili. Cha tatu mzee alikimaliza akihema, akakaa nacho mapajani kwa muda, uso umemkunjamana kwa haya, akitafuta maneno ambayo toka azaliwe hajawahi kumwambia mke wa mtu.

"Nishike mkono, mwanangu," akasema. "Unipeleke chooni."