Komamanga la Jumamosi ya Wafu

"Usiyafinye kama hununui, Bi Evanthia," Zambeta alisema huku akimpimia mteja mwingine machungwa. "Ndiyo ya mwisho hayo. Yamelala kwenye majani makavu tangu vuli, ukiyabonyeza yataniozea."

Evanthia aliurudisha mkono mfukoni mwa koti. Makomamanga yalibaki yamejipanga kwenye kikapu, yamenyauka ganda, mabaya ya sura. Kila mwaka baridi ikikaribia kwisha, wanawake wote wa mji wa Volos waliyagombania siku moja kabla ya Jumamosi ya wafu. Punje zake huchanganywa na ngano ya kuchemsha, ngano ikapelekwa kanisani, na padri akayataja majina ya marehemu. Evanthia siku hiyo hununua kabichi na mchicha wake, akaenda zake. Ngano hupikiwa wafu, naye hakuwa na mfu. Alikuwa na mtoto aliyechelewa.

Meli aliyosafiri nayo mwanawe Argyris ilipotea na mabaharia wake wote, hata kipande cha ubao hakikuonekana. Wenzake walikwisha kuombewa na mama zao. Baba wa Argyris, Pandelis, alikuwa na wimbo mmoja tu kila baridi: mtoto anakaa huko bila dua, tunamnyima haki yake. Bandu bandu huisha gogo. Asubuhi hiyo Evanthia aliamka hana tena la kumjibu.

Akazunguka soko zima. Akanunua mboga za mwitu zenye matope bado, akanunua malimau, akanunua koliflawa ambayo nyumbani hakuna anayeipenda. Kikapu kilimlemea bega, na bado miguu ilimrudisha palepale.

"Leo unanizunguka kama mgambo," Zambeta alimtania. "Ushuru nimelipa, mama."

"Nipe moja."

"Moja ya nini?"

"Komamanga."

Zambeta aliacha kucheka. Akachukua moja, akaligonga kwa kidole karibu na sikio, akalirudisha. Akachagua jingine, akalifuta kwa aproni, akalitia kwenye mfuko wa karatasi bila kulipima. Siku zote akimkabidhi Evanthia mboga humwambia, "Na arudi salama." Leo alifungua mdomo, akaufunga, akatazama chini.

"Mungu amsamehe," alisema.

Ndiyo kauli wanayoombewa wafu. Hakuna aliyewahi kuitamka juu ya Argyris mbele ya mama yake. Evanthia alimchukia Zambeta, akamchukia kweli, kisha akaona mikono ya yule mwanamke iliyopasuka kwa baridi ikihangaika kufunga mfuko usiofungika. Angesema nini kingine, maskini?

"Asante," akamjibu, na njia nzima aliona aibu kwa kusema asante.

Pandelis alikuwa jikoni na gazeti lake. Ngano aliinunua mwenyewe wiki iliyopita, akaiweka mezani ionekane. Evanthia alitoa mboga moja moja, na mwisho akaliweka komamanga kando ya ngano.

"Nini hiki?" Pandelis aliuliza.

"Si ulitaka."

"Nilitaka, ndiyo." Alivua miwani. "Kila mwaka nasema."

"Haya, leo nimesikia."

"Lakini kila mwaka unakataa, Evanthia." Alilisukuma gazeti kando. "Unanifokea, unaubamiza mlango. Nilijua hata leo utakataa."

Hapo ndipo alipomwelewa mumewe, na kuelewa huko kulimuumiza kuliko kupotea kwa meli. Mzee huyu alikuwa akiota moto wa ubishi wa mkewe. Alikuwa akisema mtoto amekufa ili aambiwe hapana. Sasa wamekaa wawili, na hapana imekwisha.

"Nirudishe?" Evanthia aliuliza.

Nje wauzaji walikuwa wakikunja maturubai. Pandelis alilishika komamanga, akalipima mkononi, akalirudisha mezani polepole asilibonyeze.

Evanthia alitandika gazeti, akachukua kisu. Ndani lilikuwa jekundu lote, halina hata punje moja mbovu. Akampa mumewe nusu, akabaki na nusu. Pandelis alivuta kiti, akaanza kuchambua, punje baada ya punje, kama mtu asiyetaka kazi iishe.