Jiko Lililokuwa Likizimika Saa Tano

Moto ulizimika saa tano kasoro dakika chache, kama ulivyozoea. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki chini ya paa la bati, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasikia feni inavuma peke yake. Moshi ukawa mweupe na mzito, halafu ukakatika. Namba za joto kwenye kioo kidogo cha jiko zikaanza kushuka: mia moja na kumi, mia moja na tano, tisini na nane. Kisha jiko likaanza kulia, pii, pii, pii, kama kifaranga aliyeachwa nyuma.

"Mama!" Mkamwana wangu aliita kutoka chumba cha mbele, na cherehani yake ikasimama. "Limekufa?"

"Limekufa, binti yangu. Leta sinia."

Jiko lenyewe ni pipa jeusi la chuma lililolala kwa ubavu, lina mfuniko. Pembeni pana sanduku unalojaza punje za kuni, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa kama vidonge. Chini ya sanduku kuna parafujo refu linalozungushwa na umeme, linazisukuma punje kidogo kidogo mpaka kwenye kikombe cha chuma kilichoko katikati ya pipa. Humo ndimo moto unamokaa. Juu yake nyama ya kidari inalala muda wa saa tisa au kumi, ikiiva kwa moshi. Mwanangu alilinunua ili yeye na mkewe wauze nyama ya moshi kwa mahoteli na kwa watu wenye sherehe.

"Linajilisha lenyewe, mama," aliniambia siku aliyokuja kunichukua. "Wewe njoo wiki mbili tu, utuonyeshe nyama inavyoiva. Unajua moto kuliko sisi. Utakuwa unakaa tu."

Nikakaa. Wiki ya kwanza jiko lilikwenda vizuri. Wiki ya pili likaanza kuzimika, na mwanangu akasema nisiondoke kwanza, mpaka litulie. Miezi saba ikapita.

Kukaa kwenyewe nikueleze kulivyokuwa. Ua ule ulikuwa na ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu, na njia ya kutoka ilikuwa moja tu, kupitia ndani ya nyumba. Kutoka kwenye kiti niliona mbingu, na sehemu ya juu ya kamba ya nguo ya jirani. Sikuwahi kumwona huyo jirani uso, lakini nilijua mashuka yake yote. Nikitaka kwenda msalani, namwita mkamwana asimame mahali pangu. Kila saa simu ilikuwa inalia. Ni mwanangu, anapiga kutoka kazini.

"Mama, uko karibu nalo?"

"Niko karibu, baba."

"Mke wangu hajafunua?"

"Hajafunua."

Maana hilo ndilo alilokuwa ameliamini, kwamba mkewe anafunua mfuniko kuchungulia nyama, joto linatoka, moto unakufa. Waligombana kwa ajili hiyo mara nyingi, tena mbele yangu. Mkamwana aliapa, alilia, mwishowe akaacha kujibu. Kwa hiyo mimi nilikuwa mlinzi wa moto, na mlinzi wa mke wa mtu vilevile. Yeye alilijua hilo. Alikuwa ananiletea chai bila kunitazama.

Wiki ile mdogo wangu wa kiume alinipigia simu kutoka kwetu.

"Dada, nyumba yako haikai tupu namna hii. Panya wameshafanya kikao humo, wamechagua mwenyekiti. Kuna mwalimu anatafuta vyumba viwili."

"Na mimi nikirudi nilale wapi? Kwa mwenyekiti?"

"Unarudi lini? Kila mwezi unaniambia mwezi ujao. Nimemwambia mwalimu, mwisho wa mwezi ukifika hujarudi, aingie."

"Hiyo ni nyumba yangu."

"Ni yako, dada, nani amekataa? Lakini unaishi wapi?"

Zilikuwa zimebaki siku sita. Vyumba viwili vile nilivijenga nikiwa mjane, tofali kwa tofali, na mpangaji akishaingia na vitanda vyake na watoto wake, mzee kama mimi hana nguvu ya kumtoa. Ningebaki pale uani kwa mwanangu, kwenye kiti cha plastiki, mpaka nizikwe.

Siku hiyohiyo ya simu nilimwambia mwanangu kwamba naondoka.

"Utaondokaje, mama? Jumamosi tuna vidari sita. Likizimika nani atajua?" Akasema kwa upole, kama mtu anayemvisha mtoto sweta. "Jiko likitulia, nakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni."

Akamleta fundi. Ndiyo mara ya tatu. Huyu fundi watu wanamwita Waya, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Alichukua punje moja akaivunja kwa vidole, ikakatika ta! kavu kabisa. Akatia mkono sandukuni, akaona punje zinateremka bila kukwama. Akalizungusha parafujo, akabadilisha kijiti cha umeme cha kuwashia, akafuta kipimajoto kwa kitambaa.

"Kikombe cha moto nani anasafisha?" akauliza.

"Mimi, kila asubuhi."

"Kinasafishika vizuri, bibi?"

"Mwanangu, mimi nilianza kusafisha meko kabla mama yako hajaota meno."

Akacheka mpaka akaangusha bisibisi. Mwanangu naye akacheka. "Hapo usiguse, Waya. Hapo kwa mama hapana neno." Fundi akafunga vyuma vyake bila kutazama humo. Mlangoni akageuka: "Likizimika, bibi, usiliwashe hivihivi. Punje zinakuwa zimerundikana kikombeni, zikishika zote kwa pamoja zitakurusha kwa mababu kabla ya zamu yako. Lizime, lipoe, zitoe zote, ndipo uwashe."

Kesho yake ndipo likazimika hiyo saa tano ninayoisimulia.

Tulihamishia nyama kwenye oveni ya jikoni isije ikaharibika. Jiko tukaliacha lipoe. Kwa kawaida mkamwana ndiye aliyekuwa akizichota punje zilizorundikana, anazichota juujuu kwa kikombe cha plastiki, tunawasha tena, tunarudi kukaa. Siku ile alikuwa ana sare za watu za kumaliza. Nikamwambia aende tu, nitachota mwenyewe.

Nikatoa sahani ya kukingia mafuta, nikatoa bati la chini yake, nikapiga magoti. Punje zilijaa mpaka ukingoni, mpya, hazijaungua hata moja. Nikazitoa kwa kijiko. Chini yake nikakuta jivu langu.

Nasema langu kwa sababu nililiweka mimi. Kila asubuhi nilikuwa nakomba jivu la juu tu la kikombe kile, halafu narudisha jivu safi, lililochekechwa, kimo cha vidole viwili, na kulishindilia kwa mgongo wa kijiko. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha nikiwa bado sijaenda darasa la kwanza. Meko usiyaache uchi, moto unataka kitanda. Kwenye meko ya mafiga jivu ndilo linalotunza kaa mpaka kesho, na sikuwahi maishani kuomba moto kwa jirani. Sasa lile jivu lilikuwa gumu kama sakafu. Nikalichimba, na kijiko kikaingia kwenye tundu.

Nikachimba pembeni, tundu jingine. Nikaendelea. Kikombe kizima kilikuwa na matundu, chini na ubavuni, kama chujio. Miezi saba mimi na kikombe kile, sikujua.

Nikaita.

"Binti yangu, njoo na tochi ya simu."

Alikuja, sindano bado kaibana midomoni. Nikamwambia awashe feni peke yake, bila punje. Nikaweka kiganja juu ya kikombe. Upepo ukanipiga mkononi, mwingi, unatoka kwenye matundu yote. Nikarudisha jivu vidole viwili, nikashindilia kama desturi yangu, nikaweka kiganja tena. Hakuna kitu. Kama kuweka mkono juu ya meza; moto ulikuwa unaishi kwa hewa ya juu tu, jivu la siku likiongezeka unakufa.

"Tia mkono wako," nikamwambia.

Akatia. Nikatoa jivu, akatia tena. Akautazama mkono wake, akanitazama mimi, akaitoa sindano mdomoni.

"Kila siku unaweka hivi?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu mwisho wa wiki ile ya kwanza. Nilikuwa siwezi kukaa bure, nikajitafutia kazi."

Akainuka, akafuta mikono kwenye khanga, akarudi kwenye cherehani. Nikaisikia inakwenda mbio sana, bila kupumzika.

Nikakikomba kikombe mpaka chuma kikang'aa, nikawasha, nikairudisha nyama. Moshi ukatoka mwembamba, wa buluu. Saa saba likaenda, saa nane likaenda. Saa kumi na moja kijiti cha mbao kikaingia kwenye nyama kama siagi. Simu ililia mara sita, na mara zote sita nikasema niko karibu, baba.

Ningeweza kunyamaza. Moto umepona, nani angeuliza? Lakini wakati wa kula mwanangu aliposikia jiko halikuzimika tena, alitikisa kichwa. "Siku moja si kitu. Lilishatudanganya mara ngapi? Tulitazame mwezi mmoja, mama, ndipo tuamini."

Mwezi mmoja! Mwalimu angekuwa ameshapigilia misumari ya picha zake kwenye kuta zangu.

"Halihitaji mwezi," nikasema. "Limejulikana. Lilikuwa linazibwa pumzi, na aliyekuwa analiziba ni mimi."

Nikamweleza yote, kitanda cha jivu na matundu. Haikuwa rahisi. Mtu kufika umri wangu, jambo moja tu duniani ulilokuwa unasifiwa nalo, ukalitema mezani mbele ya mwanao. Alianza kucheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha.

"Na Waya aliuliza," akasema polepole. "Nikamwambia asiguse."

"Ulinisitiri, baba. Nami nilisitirika."

Mkamwana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Mwanangu akamgeukia. "Kwa hiyo wewe hukuwa unafunua."

"Nilikwambia mara ngapi?" akasema yeye. Hakupaza sauti. "Umeniwekea mama yako anilinde kama mwizi wa kuku."

Mboga zikapoa mezani. Hatimaye mwanangu akajifuta uso, akanishika mkono, na nikaona macho yake yameanza kung'aa kwa wazo jipya.

"Basi, mama, ni heri. Sasa wewe ndiye unayelijua jiko hili kuliko hata fundi. Huoni? Sasa ndiyo huwezi kuondoka."

Nilihisi kama ule ukuta wa vigae umeingia ndani ya nyumba. Nimemaliza kujivua nguo, na mlango umefungwa palepale.

"Jumamosi kikombe sitakisafisha," nikasema. "Atasafisha mkeo."

"Mama—"

"Atasafisha mkeo, na asubuhi hiyo mimi nakwenda kwangu. Nisipokwenda sasa, sina kwangu."

Alidhani nitapoa, nilikuwa napoa siku zote.

Jumamosi mwanangu aliondoka mapema kwenda kuchukua maboksi ya kufungia nyama. Mkamwana akapiga magoti mbele ya jiko, mimi nikasimama nyuma yake nimekunja mikono kifuani ili isiende pasipotakiwa. Alikikomba kikombe kikawa kitupu kabisa, cheupe. Roho iliniuma, nasema kweli. Kila mshipa wa mwili wangu ulikuwa unasema, tia jivu kidogo tu, unauacha moto ulale kwenye chuma? Nikauma ulimi. Akawasha. Akapanga vidari sita, akafunika. Saa nne ikafika, tano kasoro ikafika, tano ikapita. Moshi ni ule wa buluu.

Mkoba wangu nilikuwa nimeshaufunga tangu alfajiri. Nilimkuta mkamwana kwenye cherehani, ameisogeza mpaka karibu na mlango wa uani.

"Binti yangu, nisamehe. Miezi saba ulibeba mzigo wangu."

Alikata uzi kwa meno kwanza. "Sijakusamehe bado, mama. Nikikusamehe nitakupigia simu." Kisha akainuka, akauchukua ule mkoba kabla yangu, akanitangulia mpaka mlango wa nje, akafungua komeo. "Nenda. Leo likizimika, nitajua ni mimi kweli."

Nikatoka. Barabara ilikuwa na jua kali na vumbi, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyokumbuka. Nilisimama kituoni nimeukumbatia mkoba, mbele ya duka la muuza misumari. Simu ikalia.

"Mama, uko karibu nalo?"

"Niko barabarani, nasubiri gari."

"Na jiko?"

"Linawaka."

"Nani amekaa nalo?"

"Hakuna aliyekaa. Mkeo anashona."

Nilimsikia anavuta pumzi, nikajua anatafuta sentensi ya kunirudisha, na anaitafuta kwa upole wake uleule. Gari likasimama mbele yangu, mlango ukafunguka, kondakta akasema, "Haya bibi, panda, panda." Nikashika chuma cha mlangoni kwa mkono mmoja.

"Mama," mwanangu akasema, "umekula lakini?"

"Nitakula kwangu," nikamwambia, nikapanda.