Vitanda Viwili vya Chini

...na Shangazi Asiya nimweke kitanda cha kati, yeye hana shida, mwaka jana tu alipanda juu ya nyumba yake kuangalia bati linalovuja, dada wa baba yangu huyo hashindwi na ngazi ya treni, basi Shangazi kati, na kaka yangu Anouar juu kabisa, maana ana miguu mirefu, akilala chini watu watajikwaa kwake usiku kucha, na mkewe Patricia kati vilevile, sawa, hao wamekwisha, sasa wamebaki wale wawili, na kwa wale wawili ndipo mtu mwingine angeshika kichwa, lakini si mimi, mimi Khadidja binti Massoudi niliyepanga harusi za ukoo huu na msiba wa baba mwenyewe, jeneza likatoka kwa wakati, pilau ikatosha, na hakuna aliyekalishwa karibu na mtu asiyemtaka, siwezi kushindwa na treni moja ya Ulaya... hata kama sijawahi kupanda treni maishani, nani hapa Bujumbura amewahi, nchi nzima haina reli hata ya kuwaonyesha watoto, lakini kupanga ni kupanga, yawe magari ya bibi harusi kutoka hapa Buyenzi mpaka ufukweni, iwe hii picha kwenye kompyuta, behewa limekatwa ubavu ili uone ndani, vyumba vidogo vidogo, kila chumba vitanda sita, vitatu upande huu, vitatu upande ule, kimoja juu ya kingine, unagusa kitanda kinakuwa buluu, ni chako, unagusa tena kinarudi cheupe, na pale juu wameandika kwamba watatushikia nafasi kwa muda mfupi tu, wasinitishe, nimeshabishana na watu wa viza nikatoka na pasipoti zote zimegongwa, sembuse mashine. "Khadidja, ile treni, iko na maji ya kutawaza?" Mama huyo, yuko uani anakata mboga ya lengalenga, ananiongelesha kupitia dirishani bila kujali kama nasikiliza, "Iko nayo, Mama," namjibu, na ng'ambo ya ukuta mafundi wa gereji ya Moubarak wananyosha mlango wa gari kwa nyundo, kila wakigonga meza yangu inatetemeka, sawa, wagonge, nimezaliwa na nyundo hizi, bila nyundo siwezi kufikiri.

Basi wale wawili. Mama yangu, mke mkubwa, na Mama Mdogo, mke wa pili, anayekaa mtaa wa Jabe, mama yake Yasmina, na Yasmina ndiye anayeolewa huko Berlini, ndiye aliyetuzulia hii safari yote, mdogo wangu wa baba mmoja, akampigia Mama simu mwenyewe, akamwambia, "Mama Mukubwa, weye ukikosa, mi siolewi," na Mama, ambaye miaka yote hajakanyaga Jabe hata kununua nyanya, akasema, "Ntakuja. Ndege mupaka Bruseli, kisha treni," treni, Mama, kwa nini treni, kuna ndege ya kutoka Bruseli mpaka Berlini, unafunga mkanda, unafungua mkanda, umefika, "Apana. Treni," akasema, na watu wote wakasema bibi anaogopa ndege, moja inamtosha, hata mimi nilisema, ingawa moyoni najua kwamba Mama haogopi kitu chenye injini, alikaa na baba dukani kwenye vipuri tangu usichana, anaijua boksi ya gia kwa kuinusa... na hiyo treni nayo najua imetoka wapi, wote tunajua, hakuna anayeitaja, baba alimwahidi Mama treni, siku Anouar alipozaliwa, akamwambia mtoto akiacha kunyonya nitakuvusha ziwa mpaka Kigoma, tutapanda treni mpaka Dar, utalala unatembea, ndivyo alivyosema, utalala unatembea, na Mama aliwasimulia wanawake wote wa mtaa, mpaka mwaka ambao baba alikwenda kweli, kununua vipuri, na aliyelala akitembea alikuwa bibi harusi mpya kutoka Jabe. Baba alirudi na kopo la halua. Mama aliliweka juu ya kabati, likakaa, hakulifungua wala hakulitupa, sisi watoto ndio tuliolimaliza kwa siri, kidole baada ya kidole, na lilipobaki tupu akalifuta, akawekea vifungo vya nguo.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu, na ni mpango mzuri, Mama na mimi chumba cha huku mwanzo, cha wanawake peke yao, na Mama Mdogo chumba cha kule mwisho wa behewa, pamoja na Shangazi na Anouar na Patricia, hao wake wawili kila mmoja kitanda cha chini kwa sababu wote wawili magoti yamekwisha, hakuna atakayesema mwenzake amependelewa, hakuna atakayelazimika kumwangalia mwenzake akivua kilemba, watakutana asubuhi mlangoni watasema salaam aleikum kama wanavyosema kila Idi, kila mmoja akiangalia bega la mwenzake, nami nitakuwa katikati na mizigo, kama siku zote, nimelifanya hili tangu nina akili, mimi ndiye nilikuwa napeleka nyama ya Idi Jabe na kurudi na sahani iliyooshwa, mimi ndiye nilipanga baba alipofariki huyu akae eda hapa na yule kule, wasomaji wa Kurani wagawanywe nusu kwa nusu, watu walinisifu, walisema mtoto wa Massoudi ana kichwa cha waziri, na kweli ninacho... nagusa kitanda cha chini cha chumba cha mwanzo, buluu, nagusa cha chini cha chumba cha mwisho, buluu, vinapendeza hivyo vilivyo mbali, behewa zima katikati yao, na Mama huko nje anaendelea, "...juu ni joto sana, na chini unasikia chuma yote, tak tak, tak tak, lakini kisha unazoea, na asubuhi ukiwa chini unaona nchi kabla ya watu bengine, hauinuke hata, unafungua tu jicho," ndiyo, Mama, nasema, ndiyo, naandika jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, naandika tarehe ya kuzaliwa waliyompa ofisini kwa sababu ya kweli hakuna anayeijua, "...na mito yao ni midogo, kila mutu abebe kanga yake ya kukunja chini ya kichwa," ndiyo, Mama... kanga gani. Nani amesema kanga. Mkono wangu umesimama. Kwa sababu hayo si maneno ya mtu anayekisia, juu ni joto, chini unasikia chuma, hayo ni ya mtu aliyelala humo, na Mama hajalala humo, na mimi sijamwambia, mimi mwenyewe ndiyo kwanza nayasikia sasa.

"Mama, nani alikwambia mambo ya mito?" Kisu kimenyamaza uani. Nyundo za Moubarak nazo, kama zimesikia, zimepumzika. "Mwenzangu," anasema Mama. Mwenzangu... hakusema yule wa Jabe, hakusema mama ya Yasmina, kasema mwenzangu, ameliachia neno kama anavyoachia lengalenga kwenye beseni, na mimi nauliza kama mjinga, "Mwenzako gani?" "Niko na bangapi? Mwenzangu. Ananipigiaka Ijumaa, salaa ikiisha. Ao mi namupigia." Tangu lini, Mama. "Tangu mutoto alipoposwa." Ijumaa zote hizo, na mimi Ijumaa nakuwa sokoni, nilidhani namwachia apumzike, na wiki iliyopita nimetoka kwenda Jabe juani kumwambia Mama Mdogo saa ya ndege, akaniitikia vizuri, akanipa maji, hakusema kwamba ameshaambiwa, kumbe alishaambiwa, wamenitazama wote wawili nikikimbia na jua lile... "Na mbona hukuniambia?" nasema, na sauti yangu ni ya mtoto aliyenyimwa, naisikia, na Mama anacheka kidogo puani, "Ungetupangia," anasema, "ungetupangia nani aanze kusema, na nani amalize." Kisu kinaanza tena. Nimeumia, sikatai, mahali fulani hapa chini ya kifua, lakini si maumivu tu, kuna kitu kingine, kama mtu aliyesimama mlangoni amebeba gunia akingoja aambiwe aliweke wapi, halafu anaona wenye nyumba walishaingiza la kwao kwa mlango wa nyuma na wanakula.

"Nilimuuliza," anasema Mama, haniangalii, naona mgongo wake tu na mikono inavyokwenda, "nilimuuliza ile treni ya Kigoma. Nilisema, leo niambie, tumeshazeeka, ilikuwa je? Akalia. Mi nikangoja amalize kulia. Anasema alitapika kutoka Kigoma mupaka Tabora, alikuwa na mimba ya Yasmina naye hajue kama ni mimba, alisema ni sumu." Na baba? "Baba yako hakuwa karibu. Kule banaume wanalala kwao, na banamuke kwao. Alimutia kwa chumba ya banamuke asiojua hata mumoja, yeye akaenda behewa ingine kule mwisho na bafanyabiashara wenzake, wakacheza karata. Siku mbili. Mutoto wa miaka kumi na nane, Khadidja. Na mi huku miaka yote naona wanalala mbele ya dirisha, wanakula halua." Anamwaga maji ya beseni kwenye mfereji, anaweka mengine. Naangalia picha ya behewa, kitanda kimoja buluu huku mwanzo, kimoja buluu kule mwisho, na najua nani mwingine alipanga hivihivi, akaona amepanga vizuri. "Sasa," anasema Mama, "safari hii asilale na watu wa kupita. Utuweke sisi wawili chini, mi huku, yeye pale. Akitapika nimushike." Hatatapika, Mama, hana mimba, ana miaka zaidi ya hamsini. "Unajua nini weye," anasema Mama.

Nagusa kitanda cha mwanzo, kinarudi cheupe, nagusa cha mwisho, cheupe, muda wa nafasi zetu unaendelea kuisha na sina haraka yoyote, kichwa changu kimerudi mahali pake na kinafanya kazi vizuri kuliko asubuhi, kwa sababu nikituweka wote sita tunajaza chumba kizima, mlango unafungwa kwa ndani, hakuna mgeni, na Anouar kwa mmoja ni mwana na kwa mwingine ni mwana wa mume, hakuna wa kumfunikia kichwa isipokuwa kwa kupenda, Shangazi kati upande wa Mama, Patricia kati upande wa Mama Mdogo, Anouar juu, na chini huku Mama, na chini pale mwenzake, nafasi kati yao kwenye picha ni nyembamba kama kidole, najiuliza kama mkono unaweza kufika, naona unaweza, mtu akinyoosha mkono usiku unafika. Vitano buluu. Kimoja bado. Nyundo zimeanza tena na meza inatetemeka. "Na weye," anasema Mama, sasa amegeuka, ananiangalia kupitia nondo za dirisha akiwa na majani mabichi mkononi, "weye utalala wapi?" na nafungua kinywa kumjibu haraka kama kawaida yangu, kisha naona kwamba katika mpango wote ule wa kwanza nilijiandikia kitanda kama mtu anavyoandikia begi, karibu na Mama, ili niwahi kuamka nikisikia kitu, wala sikuuliza kama ninakitaka... "Kile cha juu, Mama," nasema, "juu kabisa." Kuna joto huko, ananikumbusha. Najua. Wacha joto. Waongee huko chini mpaka Ujerumani, wacheke, walie, washikane mikono au wagombane upya, mimi nitakuwa nimevua viatu, nimefunga pazia, na nitakuwa nimelala.