Dakika Nne za Shangazi

Siku bohari mpya ya kanda ilipofunguliwa, utepe ulikatwa saa nne kasorobo na soda zikagawiwa. Saa nne kamili, kati ya mlango wa saba na wa nane wa kupakilia mizigo, zikasikika hodi tatu ukutani. Sauti ya bibi ikaitika kutoka mbali: "Nakuja, mwanangu, nakuja." Kisha kandambili zikaanza kuburuzwa sakafuni, taratibu, na mvaaji haonekani. Wafanyakazi wakaendelea na soda zao.

Mtunza bohari peke yake ndiye aliyeweka chupa chini. Sauti ilikuwa ya shangazi yake, aliyefariki miezi mitano nyuma. Hodi nazo alizijua, maana ndizo alizokuwa akipiga yeye mlangoni kwa shangazi.

Jamani, huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tarishi wa kampuni ya usafirishaji, na tarishi ana utaratibu wake: hodi tatu, hesabu hadi ishirini, kukiwa kimya andika "Hakuna mtu", panda pikipiki. Vifurushi sitini kwa siku, nani ana muda? Shangazi alikuwa na nyonga mbovu. Kutoka jikoni hadi mlangoni alihitaji dakika nne, na tarishi alilijua hilo fika, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali. Mara tatu alimpelekea miwani yake mpya, mara tatu akaandika "Hakuna mtu", akajiambia atampelekea Jumapili. Jumapili nayo ikawa na mambo yake.

Kampuni ilipotafuta kiwanja cha bohari, karatasi zile tatu za "Hakuna mtu" zikatolewa kuthibitisha kwamba nyumba ile haina mkazi. Ikavunjwa asubuhi moja. Shangazi akahamia chumba cha uani kwa bintiye, akafa humo bila kumlaumu mtu, na hilo la kutolaumu ndilo linalouma mpaka leo. Tarishi akapandishwa cheo kuwa mtunza bohari, kwa kutunza kumbukumbu vizuri.

Hodi zilirudi kila siku saa hiyohiyo. Meneja aliamuru pachorwe mistari miwili ya njano sakafuni ili foklifti, zile gari za kunyanyulia mizigo, zisimgonge bibi. "Asizuie malori tu," alisema. Dereva wa foklifti, mama mmoja asiyefunga mdomo, alikuwa akisimama kando ya mistari. "Pita, bibi, sina haraka mie."

Mtunza bohari alikuwa akisimama ukutani, miwani mfukoni, akingoja. Lakini saa nne ndiyo saa ya malori. Kila siku, kabla ya dakika ya pili, simu ililia, wakamwita mlango wa kwanza, akaenda. Akishaondoka tu, kandambili zilinyamaza. Ikawa hivyo siku kumi na tisa.

"Lakini wewe!" dereva alimfokea siku ya ishirini. "Dakika nne tu, hata chai haipoi! Leo msubiri bibi wa watu."

Siku hiyo alizima simu. Kandambili zikaja, zikapumzika katikati, zikaja tena. Ukutani ukafunguka mlango wa mbao wenye rangi ya bluu iliyobabuka, na shangazi akatokea, mwiko mkononi, akihema.

"Kumbe leo upo," alisema. "Kila nikifika nakuta umeshaondoka."

"Nilikuwa naondoka, shangazi. Najua nyonga yako, na bado naondoka. Nisamehe."

"Nilishasamehe zamani, mwanangu." Akapokea miwani kutoka kwake, akaivaa, akatazama rafu zilizofika darini, akatafuta pa kuweka macho. "Hapa si ndipo palikuwa na kitanda changu? Haya. Niweke sahihi wapi?"

Mtunza bohari akamwekea mashine ya mkononi ya kusainia vifurushi. Shangazi akaandika jina lake kwa kidole, polepole, herufi zote. Mashine ikakataa: kiwanja hicho hakina mkazi. Wakarudia. Ikakataa. Mtunza bohari akajaribu kuingiza anwani upya, mashine ikamwachia kitufe kimoja tu. Nje malori yalikuwa yakipiga honi.

"Bonyeza tu, mwanangu," alisema shangazi. "Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

Alibonyeza. Maneno yakatokea kwenye kioo: Hakuna mtu. Shangazi aliinama kuyasoma. Sasa alikuwa na miwani, aliyaona vizuri.